Kipimo cha damu kinasema mtoto ana hatari ya juu, mume kanyamaza, na mimi naogopa sindano

Shangazi habari yako. Naomba usitaje jina langu wala la mzee wangu juu watu wa huku wanasoma hii safu sana. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Kiamunyi hapa Nakuru, nina kijana mmoja ako gredi ya tatu, na sahii niko na mimba ya wiki 15.

Kabla ya hii kulikuwa na nyingine ikatoka ikiwa miezi minne, hakuna mtu aliwahi niambia ni kwa nini, nilielezwa tu kwamba hutokea. Kwa hivyo hii tumeitafuta kwa maombi na kwa madawa, na iliposhika nilinyamaza, dadangu pekee ndio alijua. Dadangu ako Marekani, Minnesota, anafanya kazi ya kutunza wazee, akaniambia kuna kipimo kinaitwa NIPT, unatolewa damu tu mkononi kuanzia wiki ya 10, hakuna kuguswa tumbo, huko kwao wajawazito huulizwa kama wanataka, na tena kitakuambia mapema kama ni msichana ama kijana. Akatuma pesa. Nikaenda kliniki moja ya kibinafsi hapa mjini, wakatoa damu, wakasema inapelekwa nje ya nchi na majibu ni kama wiki mbili. Wakaniuliza kama nataka ile ya kawaida ama ile kubwa, na bei hazikuachana sana, nikasema basi ile kubwa. Hio kubwa inaongeza nini, hakuna mtu alinieleza.

Majibu yalikuja kwa simu. Wa mapokezi alinitumia PDF kwa WhatsApp akaandika tu "daktari atakupigia". Nilikuwa dukani, mimi nauza nafaka, kuna mama amesimama anangoja gorogoro mbili za mahindi, nikaifungua hapo hapo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, kromosomu namba 21, 18 na 13 zote hatari ya chini, na chini yake wameandika ni msichana, nikacheka peke yangu hadi yule mama akaniuliza nimetumiwa pesa na nani. Kushuka ukurasa wa pili kuna kisanduku chekundu, 22q11.2, hatari ya juu. Yale mahindi niliyamwaga nje ya mfuko wake.

Daktari alipiga siku zingine baadaye, akaongea haraka kama mtu ako na foleni, kwamba kuna kipande cha kromosomu ya 22 kimekosekana, watoto wa hivyo huwa na shida ya moyo na ya kujifunza, nifikirie, na kama nataka kuhakikisha kuna sindano ya kutoa maji ya tumbo huko Nairobi. Basi. Usiku nikaingia kwa simu kusoma, na niliyoyaona huko sijamwambia mtu.

Mzee wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, nyumbani analala siku chache. Nilimwonyesha. Aliiangalia ile karatasi muda mrefu, akaniuliza kama nimekula, akatoka nje. Tangu siku hio hajaitaja. Nikiuliza ananiambia "wewe ndio umeibeba, utakavyoamua sawa". Halafu nikaja kujua alimwambia dada yake wa Webuye, juu huyo wifi alinipigia akaniuliza kama kwetu Molo kuna watu wa hivyo, akanikumbusha binamu yangu alizaliwa mdomo umepasuka. Mama mkwe bado hajaambiwa lakini kwa hio familia neno halilali.

Kuna rafiki yangu wa sokoni, mtu mzuri kabisa hata pesa ameniokoa nayo mara nyingi, yeye anasema kuna mama anasaidia watu, niende mambo yaishe kabla tumbo halijaonekana, nitapata mwingine. Namba amenipa, iko kwa simu yangu. Na pale ushirika nilimuuliza mchungaji kana kwamba ni habari ya jirani, akasema vipimo vya namna hio ni kumjaribu Mungu.

Sasa Shangazi, mimi hio sindano naiogopa kuliko kitu chochote. Nimeshapoteza mmoja. Huyu akitoka kwa sababu ya sindano na kumbe alikuwa mzima, hio nitaibeba aje? Nisipoenda, nitakaa hadi kuzaa nikiangalia dari usiku. Na nikienda waseme ni kweli, halafu? Kwangu tayari ana jina, la nyanya yangu. Lakini sitaki kukudanganya, naogopa pia kulea mtoto mgonjwa na baba ako barabarani na duka lenyewe ni la kukodi. Hio mbili nazo pamoja, kumpenda na kumwogopa, ndio zinanimaliza. Mimi ni mama wa aina gani?

Mama asiyelala, Nakuru

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Na nianze na pole ya ile mimba iliyotoka, maana umeitaja kwa mistari miwili ukapita mbio, na mimi nikikusoma naona ndiyo imekaa katikati ya barua yote. Ile sindano unaiogopa kwa sababu yake, usiku hulali kwa sababu yake, na hata hio namba ya simu uliyopewa sokoni sidhani ingekuvuta hivyo kama hungekuwa umeshajua vile mtu anapoteza mtoto bila maelezo. Kwa hivyo jambo la kwanza kabla hatujafika kwa kromosomu, daktari yeyote atakayekuona kuanzia leo mwambie habari ya hio ya miezi minne, mwambie ilianza aje, kama ulisikia uchungu ama ilishuka tu ghafla, kama kulikuwa na damu kwanza. Mimba inayotoka mwezi wa nne wakati mwingine ni mlango wa kizazi unafunguka kabla ya wakati wake, na hio inapimwa kwa skani na iko na njia za kusaidiwa. Inaweza kuwa haikuhusu kabisa, lakini uliambiwa "hutokea" na ukaachwa hapo, na swali lako bado linastahili jibu.

Sasa hio karatasi. Nimeona kitu kwa vile umeandika. Ukurasa wa kwanza unasema "hatari ya chini" na wewe ukasoma hivyo hivyo, hatari ya chini. Ukurasa wa pili unasema "hatari ya juu", na ukifika mwisho wa barua tayari unaandika "mtoto mgonjwa". Wapi walisema mtoto ni mgonjwa? Hata huyo daktari wa haraka, ukirudia maneno yake, alikuambia kuhusu "watoto wa hivyo", hakukuambia wako ni mmoja wao. Wewe ndiye uliunganisha, na nakuelewa, usiku na simu mkononi mtu yeyote angeunganisha. Lakini ngoja nikueleze vile hiki kipimo kinafanya kazi, taratibu, kwa sababu hapa ndio kila kitu kimeshikilia.

Mwaka 1997 mwanasayansi mmoja, Dennis Lo, na wenzake walionyesha kwamba ndani ya damu ya mama mjamzito kuna vipande vidogo vidogo vya DNA vinavyotokana na mimba. Kuanzia 2011 kampuni zikaanza kuuza kipimo kwa kutumia hio habari. Wanachofanya ni kuhesabu vile vipande, kama vya kromosomu ya 21 vimezidi (kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba DNA), wanasema kuna uwezekano wa sindromu ya Down. Kwa Down kiko vizuri sana. Lakini shika mambo mawili hapa. Moja, hio DNA wanayoita ya mtoto kwa kweli inatoka kwa kondo la nyuma, plasenta, na mara zingine plasenta iko na hitilafu ambayo mtoto mwenyewe hana. La pili, hio "kubwa" uliyoulizwa bila kuelezwa, ndio hii inayotafuta vipande vidogo vilivyokosekana, kama hicho cha 22q11.2, na kutafuta kipande kidogo hivyo ni kazi ngumu zaidi kuliko kuhesabu kromosomu nzima iliyozidi.

Na kuna hesabu ambayo ilipaswa ufanyiwe pale kliniki. Wewe ni mtu wa kupima gorogoro, hesabu hii utaielewa kuliko wengi. Hali ya 22q kawaida inakadiriwa ni mtoto mmoja kwa kila kama 4,000. Chukua wajawazito 40,000, watoto 10 wako nayo. Sasa tuseme kipimo ni kizuri, kinawapata wote 10, na kwa wale wazima kinakosea kwa mmoja tu katika kila 1,000. Unaona ni kipimo kizuri, sivyo? Lakini hao wazima ni karibu 40,000, kwa hivyo kitakosea kwa watu kama 40. Wanawake 50 wanapata kisanduku chekundu kama chako, 10 ni kweli, 40 si kweli. Hivyo ndivyo kampuni inaweza kutangaza kipimo chake ni sahihi zaidi ya asilimia 99 bila kudanganya, na bado wengi wa wanaopata hio rangi nyekundu watoto wao wawe wazima.

Huo ni mfano wangu wa kukuonyesha, lakini haujaenda mbali na yaliyopatikana. Mwezi wa Januari 2022 gazeti la New York Times la Marekani lilikusanya takwimu za hivi vipimo vya hali adimu, likaona kwa jumla majibu ya hatari ya juu yalikuwa si ya kweli kwa karibu asilimia 85, na kwa hii ya 22q peke yake karibu asilimia 81. Aprili mwaka huo huo FDA, wale wanaosimamia dawa na vifaa vya matibabu Marekani, wakatoa onyo kwamba mtu asifanye uamuzi mkubwa kwa kipimo cha namna hii peke yake, na walisema wazi kuna watu walikuwa wametoa mimba bila kuhakikisha kwa kipimo kingine.

Lakini pia sitaki uondoke hapa ukisema Shangazi amesema ni uongo. Sijasema. Utafiti mwingine uliotoka 2022 uliofuatilia akina mama zaidi ya 18,000 uliona hali hii ni ya kawaida kuliko tulivyodhani, na kwa njia mpya ya kupima, kama nusu ya majibu ya hatari ya juu yalikuwa kweli. Mmoja kati ya watano, ama mmoja kati ya wawili, hio ni tofauti kubwa kwa mtu anayetafuta usingizi, na inategemea maabara gani ilipima na kwa njia gani. Kwa hivyo rudi hapo kliniki, umelipa, ni haki yako, uwaulize swali hili: kwa maabara yenu, mtu akipata hatari ya juu ya 22q, uwezekano wa kuwa kweli ni ngapi? Ripoti nyingi zimeandika hio namba kwa herufi ndogo, angalia hata sasa kwa hio PDF.

Na tuseme ni kweli. Ni nini hasa? Hapa pia nadhani simu ilikuonyesha upande mmoja. Watoto wa 22q hawafanani. Wengi huzaliwa na tatizo la moyo, wengine la kuhitaji upasuaji mapema na wengine dogo, na ni kweli kuna watoto moyo unawashinda, sitakuficha hilo. Wengine kaakaa haikufunga vizuri, kunyonya kunakuwa shida na kuongea kunachelewa. Wengi huchelewa kidogo kujifunza, kinga ya mwili inaweza kuwa dhaifu, na wakiwa watu wazima hatari ya magonjwa ya akili iko juu kuliko ya watu wengine. Lakini pia kuna watu wazima wanafanya kazi na wana familia, waligundua wako nayo siku mtoto wao alipopimwa, hawakuwahi kujua. Hakuna kipimo, hata hio sindano, kitakuambia wako angekuwa yupi katika hao. Hio najua ni ngumu kusikia.

Habari ya wifi yako wa Webuye nitaipitia haraka kwa sababu haistahili usingizi wako. Katika watu 10 wenye hali hii, karibu 9 haikutoka kwa baba wala kwa mama, ni kipande kimekatika wakati mbegu inatengenezwa, hakuna aliyefanya kitu. Huyo mmoja anayebaki, inaweza kutoka kwa baba vile inaweza kutoka kwa mama. Na midomo iliyopasuka ina sababu zake nyingi, binamu yako si ushahidi wa chochote. Kuna kipimo cha damu kwenu wawili, na kinaweza kusaidia kwa sababu mara zingine ile NIPT kumbe imeona kipande kilichokosekana kwa mama mwenyewe, si kwa mtoto. Ila mkae chini kwanza mkubaliane mtafanya nini kama mmoja wenu atapatikana nayo, maana wifi yako ameshaonyesha vile jina la mtu linaweza kuzungushwa.

Sasa sindano. Kitu kimoja, una muda zaidi kuliko unavyohisi. Ile ya kutoa maji, amniosentesisi, hufanywa kuanzia wiki ya 15, na mara nyingi hadi kama ya 20, kwa hivyo hujachelewa, na hakuna wa kukusukuma wiki hii. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu yake ni chini ya moja kwa 100, na kwa daktari aliyeizoea, anayeangalia kwa skani wakati sindano inaingia, ni chini zaidi ya hapo. Si sifuri. Kwa mtu mwingine moja kwa 100 ni kitu kidogo, kwako wewe uliyepoteza mmoja si kidogo, na hakuna mtu anapaswa kukuambia unaogopa bure. Ila naomba ujiulize kama unaogopa sindano yenyewe, ama unaogopa jibu, kwa sababu zote mbili zinahisi sawa kifuani na zinahitaji vitu tofauti.

Ukiamua kwenda, kuna mambo ya kushika. Uliza daktari anafanya ngapi kwa mwaka. Jua kundi lako la damu, kama ni la hasi kuna sindano ya anti-D unapaswa kuchomwa baadaye. Na hakikisha fomu ya maabara imeandika kwamba wanatafuta 22q, kwa njia inayoitwa FISH ama maikroarei, kwa sababu kipimo cha kawaida cha kromosomu kinachoangaliwa kwa darubini mara nyingi hakioni kipande kidogo hivyo, utatoka hapo na jibu la "mzima" ambalo halikujibu swali lako. Gharama uliza mapema, na uulize SHA, ile bima ya afya ya serikali, wanalipa nini na nini hawalipi kabla hujapanda gari ya Nairobi.

Ukiamua kutokwenda, hujakata tamaa na hujamtupa mtoto. Kati ya wiki ya 18 na 22 kuna skani kubwa ya kuangalia viungo, na ukimwambia mpimaji ni 22q inatafutwa, ataangalia moyo kwa makini, vyumba vyake na mishipa mikubwa. Moyo ukiwa sawa wasiwasi unapungua ingawa hauishi, kuna wenye 22q moyo wao ni mzima. Skani ikionyesha shida, hapo sindano inakuwa swali jipya, labda na jibu jipya. Na wapo akina mama wanaosema mimi nitasubiri hadi azaliwe, damu ichukuliwe kwa kitovu ipelekwe maabara. Hio pia ni njia. Shida yake ni hizo usiku zako, na wewe ndiye unajua unaweza kuzibeba ama la. Kama ni hio utachukua, basi zalia hospitali yenye chumba cha watoto wachanga, na waliopo wajue kabla, wapime kalsiamu ya mtoto mapema maana ikishuka anaweza kupata degedege, wasikilize moyo, waangalie kaakaa kwa tochi. Na umuulize daktari wa watoto kuhusu BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na yale matone ya polio ya kuzaliwa kabla hazijatolewa, kwa sababu hizo chanjo zina vijidudu hai na mtoto wa 22q kinga yake huangaliwa kwanza. Unaona, kwenda kujua si lazima iwe ni kwa ajili ya kutoa. Kuna watu wanataka kujua ili siku ya kuzaa kila mtu awe tayari. Wewe uliuliza "wakisema ni kweli, halafu?" na nilihisi kama unadhani halafu iko moja tu.

Hio namba iliyo kwa simu yako sitaipita kimya. Rafiki yako nadhani anakupenda kweli, anaona unaumia anataka uache kuumia. Lakini mama wa mtaani hana damu ya kukuongezea ukianza kuvuja, hana chumba cha upasuaji, na kwa wiki ulizofika hatari ni kubwa kuliko mwanzoni, watu wameondoka na maambukizi wakapoteza kizazi, wengine wamepoteza maisha na wameacha mtoto wa gredi ya tatu nyumbani. Kisheria, Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 26 inakataza kutoa mimba isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu. Hali ya mtoto peke yake haijatajwa hapo. Afya yako, pamoja na ya akili, ni jambo unaloweza kuzungumza na daktari mlangoni ukiwa umefungwa, na kama fikira hio ikirudi, mahali pake ni pale, si kwa huyo mama. Na hata ukiwa na mawazo hayo mimi sikuhukumu, wala sitakuambia uzae ama usizae. Ninachokuomba ni usifanye kitu kisichorudi nyuma kwa jibu ambalo kwa wengi hugeuka.

Mchungaji wako alijibu swali la jirani. Hakujua kuna mama mbele yake aliyepoteza mimba na ana hofu. Unaweza kumrudia na swali lako mwenyewe siku ukiwa na nguvu, ama umtafute mama mmoja wa ushirika mwenye mdomo mzito, maana kanisani pia kuna waliolala wodi ya watoto wakiomba na madaktari wakifanya kazi saa hio hio.

Sasa mzee wako. Umeandika amenyamaza, lakini tazama tena alichofanya. Alisoma muda mrefu, akakuuliza kama umekula. Halafu akaenda akamwambia dada yake, na kumwambia huko kumekuumiza na ana haki ya kuambiwa kwamba kumekuumiza, ila mtu asiyejali habari hii hangeibeba mpaka Webuye. Nashuku ameogopa kama wewe na hana maneno. Hio "utakavyoamua" inaweza kuwa kukukimbia, na inaweza kuwa ni mwanaume anaogopa kusema neno baya na baadaye ashikiliwe nalo, mimi siwezi kujua kutoka hapa, wewe unamjua. Jaribu kumpunguzia swali. "Tufanye nini" ni swali zito, mtu anaweza kulikimbia hadi Malaba. Mwambie "kuna skani wiki ya 20, panga mzigo wako uwe Nakuru siku hio uingie na mimi, usikie mwenyewe daktari anasema nini". Madereva wanajua kupanga safari. Akikataa hio pia, utakuwa umejua kitu, na hapo huyo dada yako wa Minnesota ama mtu wa kwenu Molo ashike hio nafasi, kwa sababu chumba hicho usiingie peke yako.

Na uliuliza wewe ni mama wa aina gani. Kumpenda na kumwogopa umeandika kana kwamba moja lazima ishinde nyingine. Mimi nimesoma barua za akina mama wengi waliozaa watoto wazima kabisa na hizo mbili zilikuwa ndani yao pamoja, ni vile tu hakuna kisanduku chekundu kilichowalazimisha waziandike. Hesabu ya kodi ya duka na baba aliye barabarani si ubaya wa moyo, ni mambo ya kweli ya kupangwa, na utayapanga na watu, si na dari.

Anza na hilo swali la kliniki kesho. Ukipata namba niandikie, kwa sababu kama ni mmoja kati ya watano na kama ni mmoja kati ya wawili, mimi na wewe tutaongea tofauti kuhusu sindano.